Sekunde Tano Tano: Tovuti ya Sacco Iliyorudishwa Nyumbani Ikazidi Kukwama

Mwanachama anafungua tovuti ya sacco kwenye simu, anaandika namba yake na nenosiri, anabonyeza, kigurudumu kinaanza kuzunguka. Siku za kawaida kinazunguka sekunde tano hivi, anaingia. Akijaza fomu ya mkopo wa dharura, kinazunguka kumi. Mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia, kinazunguka dakika nzima, na mara nyingi kinachofuata ni ukurasa mweupe wenye namba 504 na, chini yake, neno nginx, jina la programu inayopokea wageni mlangoni mwa tovuti.

Neno hilo la chini ndilo lililowapoteza watu. Kila aliyeliona alidhani amempata mkosaji, maana jina lake limeandikwa pale pale. Ndiyo sababu karibu kila kilichoguswa kabla hawajatafuta msaada kilikuwa kwenye faili la mipangilio la nginx, na karibu kila kilichoguswa kilizidisha tatizo. Katika kisa hiki nginx hakuwa na kosa lolote. Alikuwa shahidi pekee aliyeona kila kitu, ila hakuna aliyemwuliza swali la maana.

Sacco yenyewe ni ya ukubwa wa kati, ofisi zake ziko Upper Hill, Nairobi. Sitaitaja kwa jina, wala watoa huduma wake.

Mfumo ulivyopangwa

Ni mpangilio wa kawaida kabisa, na huenda unafanana na wako. Mbele kuna nginx kama proksi: inapokea watu wote wanaotoka intaneti, inamalizana na usimbaji wa TLS (unaoficha mawasiliano njiani), inatoa yenyewe picha na mafaili ya mtindo, na yale yanayohitaji akili inayapitisha kwa programu iliyo nyuma, mlango (port) 8000 wa mashine ileile. Programu ni ya Django, zana ya Python ya kujengea tovuti, inaendeshwa na Gunicorn, seva ya programu za Python. Nyuma yake kuna hifadhidata ya PostgreSQL.

Gunicorn iliwekewa wahudumu tisa, yaani nakala tisa za programu zinazoshughulikia maombi. Ni hesabu ya mazoea: viini vya prosesa mara mbili, ongeza moja, na mashine ilikuwa na viini vinne. Wahudumu hao walikuwa wa aina ile ya msingi, ambapo mhudumu mmoja hushika ombi moja na hapokei la pili mpaka amalize la kwanza. Akiwa anapiga hesabu, amelishika. Akiwa ameduwaa akingoja jibu la mtu mwingine, bado amelishika.

Mpaka mwaka 2024 yote haya yalikuwa kwenye mashine ya kukodi Ulaya. Kisha tarehe 12 Mei mwaka huo kebo za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, na Afrika Mashariki nzima ikaonja. Bodi ya sacco ilikaa na kuuliza swali la haki: data za watu wa Nairobi zinatafuta nini ng'ambo? Pakiti kwenda Ulaya na kurudi huchukua milisekunde zaidi ya mia. Ndani ya jiji, baina ya watoa huduma wanaokutana KIXP (kituo cha Kenya cha kubadilishana data za intaneti), ni milisekunde chache tu. Wakaamua kuhamia kituo cha data cha hapa hapa.

Walihama kwa njia ya mkato: wakachukua nakala ya diski nzima, wakaipandisha kwenye mashine mpya, wakabadilisha anwani, wakafungua. Ilifanya kazi usiku uleule, na ukurasa wa kwanza ukawa mwepesi kuliko zamani. Sifa zikatolewa. Halafu mwisho wa mwezi ukafika.

Dawa zilizotangulia

Kwanza walilaumu mtandao, na siwalaumu kwa kulaumu. Baada ya Mei ile kila kitu Nairobi kilikuwa kosa la kebo. Lakini nembo ya sacco, rangi na vitufe vilitokea papo hapo, hata saa ambazo kuingia kulichukua dakika. Mtandao mbovu hauchagui. Ungechelewesha picha kwanza, kwa kuwa picha ni nzito kuliko ukurasa wa maandishi.

Baada ya hapo waliongeza wahudumu kutoka tisa hadi ishirini. Ikasaidia kidogo, kwa mwezi mmoja.

Kisha wakakutana na namba 504. Kwa kawaida nginx humngoja aliye nyuma sekunde 60 kati ya kipande kimoja cha jibu na kingine. Akinyamaza zaidi ya hapo, inamrudishia mteja 504. Mtu akapandisha `proxy_read_timeout` hadi 300. Namba 504 zikapungua sana kwenye logi (daftari la matukio la seva), ripoti ikaandikwa kwamba tatizo limedhibitiwa, na simu za wanachama zikaongezeka. Watu waliokuwa wakikataliwa baada ya dakika moja sasa walikuwa wakingojeshwa hadi tano.

Mwisho, mtu huyo huyo aliona onyo kwenye logi ya makosa kwamba jibu kutoka nyuma linaandikwa kwenye faili la muda diskini. Akadhani diski ndiyo inayochelewesha, akaandika `proxy_buffering off`, yaani akazima bafa, hifadhi ambamo nginx huweka jibu kabla ya kumpa mteja. Onyo likatoweka. Hilo nitalirudia, kwa sababu lilizaa ugonjwa wa pili uliojificha ndani ya ule wa kwanza.

Kulikuwa pia na pendekezo la kuweka miunganisho ya kudumu kati ya nginx na Gunicorn. Wahudumu wa aina ile hawaiungi mkono kabisa, na hata wangeiunga, kuunganisha ndani ya mashine moja huchukua chini ya milisekunde moja. Ombi lenyewe lilikuwa la sekunde tano.

Logi inayotaja sekunde

Logi ya kawaida ya nginx hueleza nani alikuja, lini, akaomba nini, akapewa baiti ngapi. Haielezi ilichukua muda gani. Watu hukaa nayo miaka bila kulitambua hilo, kisha siku ya tatizo wanaifungua na kukuta orodha ndefu ya namba 200 zinazodai kila kitu ni shwari.

Kwa hiyo nilipoitwa, kitu cha kwanza kilichobadilishwa ni logi peke yake:

```
log_format muda '$status "$request" jumla=$request_time '
                'unganisha=$upstream_connect_time '
                'kichwa=$upstream_header_time '
                'jibu=$upstream_response_time';
```

Unajaribu kwa `nginx -t`, unapakia upya, hakuna mwanachama anayekatwa. `jumla` ni muda wote tangu baiti ya kwanza ya mteja ifike hadi baiti ya mwisho ya jibu itoke. `unganisha` ni muda wa kushikana mkono na programu. `kichwa` ni muda hadi programu ilipoanza kujibu. `jibu` ni hadi ilipomaliza. Namba nne tu, ila tofauti kati yao inataja mtaa ambao sekunde zimepotelea.

Asubuhi, kukiwa kumetulia, mistari ilisomeka hivi (nimeifupisha):

```
200 "POST /ingia/"       jumla=5.214  unganisha=0.000 kichwa=5.212  jibu=5.212
200 "GET /salio/"        jumla=0.164  unganisha=0.001 kichwa=0.162  jibu=0.163
302 "POST /mkopo/tuma/"  jumla=10.391 unganisha=0.000 kichwa=10.388 jibu=10.388
200 "GET /taarifa/pdf/"  jumla=21.870 unganisha=0.000 kichwa=0.934  jibu=21.866
```

Tazama mstari wa kwanza na wa tatu. Sekunde zote zimeishia kwenye `kichwa`, yaani programu ilikuwa kimya ikifanya jambo kabla ya kutamka neno la kwanza. Proksi imetoka hapo. Mtandao wa mteja nao umetoka, kwa sababu `jumla` na `kichwa` ni karibu sawa.

Halafu tazama namba zenyewe. Tano na kidogo. Kumi na kidogo. Nilipopanga mistari ya kuingia peke yake, ilikuwa 5.19, 5.21, 5.20, 5.24. Kazi ya kweli haina nidhamu ya namna hiyo. Hifadhidata iliyolemewa hutoa 2.1, kisha 7.8, kisha 3.4, kutegemea nani mwingine yupo. Prosesa iliyochoka vivyo hivyo. Muda unaorudi kila mara kwenye namba nzima, kisha kwenye maradufu yake, huwa umeandikwa na mtu mahali fulani kama ukomo wa kusubiri. Hapo hutafuti tena kazi nzito. Unatafuta mahali panapongojwa mtu ambaye haji.

Saa saba mchana

Kabla ya kumtafuta, mchana wa siku hiyo ulinipa picha ya pili. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Mapumziko ya chakula yalipoanza, mistari ilibadilika:

```
200 "GET /salio/"   jumla=51.307 unganisha=0.000 kichwa=51.305 jibu=51.306
499 "POST /ingia/"  jumla=30.002 unganisha=0.000 kichwa=-      jibu=30.002
```

Ukurasa wa salio, uliokuwa robo sekunde haufiki asubuhi, sasa ni sekunde 51. Haukuwa umebadilika hata herufi. Na bado `unganisha` ni sifuri! Hapa ndipo wengi huhitimisha kwamba programu ilipokea ombi mara moja kisha ikalala nalo. Sivyo. Anayepokea muunganisho si programu, ni keneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi. Keneli inafanya kazi ya karani wa mapokezi hospitalini: anakuandika jina, anakupa namba, anakuambia keti, na daktari hana habari kwamba umefika. Kwa nginx huo ni muunganisho uliokamilika.

Foleni hiyo inaonekana kwa amri moja, `ss -lnt`. Kwenye mlango unaosikiliza, safu ya `Recv-Q` ni idadi ya waliokwisha kupokelewa na keneli lakini hawajachukuliwa na programu, na `Send-Q` ni ukomo wa foleni yenyewe:

```
State   Recv-Q  Send-Q  Local Address:Port
LISTEN  212     2048    127.0.0.1:8000
```

Watu 212 wameketi. Sasa piga hesabu: wahudumu ishirini, kila kuingia kunamshika mhudumu sekunde tano, basi mfumo mzima unaweza kuingiza watu wanne kwa sekunde, hata prosesa iwe imelala kiasi gani. Na ilikuwa imelala kweli. Amri ya `top` ilionyesha matumizi ya prosesa ya chini ya asilimia kumi. Watu 212 kwa wanne kila sekunde ni sekunde 53 kwa aliye mkiani. Ndiyo ile dakika nzima ya malalamiko. Anayetaka salio tu, kazi ya kufumba na kufumbua, anakaa nyuma ya watu 200 wanaotaka kuingia.

Ile 499 nayo ina habari yake. Si namba ya kawaida ya HTTP. Ni ya nginx wenyewe, nayo inamaanisha mteja ameondoka kabla ya kujibiwa. Mwanachama amechoka, amefunga, amefungua tena, amebonyeza upya. Ila kuondoka kwake hakumwondoi kwenye foleni. Ombi lake la kwanza lilikuwa limekwisha kukaa kwenye keneli, na zamu yake ikifika mhudumu analichukua, analisoma, anafanya kazi yote, kisha anagundua hakuna wa kumpa jibu.

Na kazi yenyewe ilikuwa nini? Kumtumia mwanachama namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Kwa hiyo aliyebonyeza mara tatu alipata jumbe tatu, na ya mwisho tu ndiyo halali. Akiandika ya kwanza, mfumo unamkataa, anaanza upya. Foleni ilikuwa inajilisha yenyewe. Kupandisha ukomo wa nginx hadi 300 hakukuipunguza: wanachama ambao zamani wangekataliwa baada ya sekunde 60 sasa waliachwa waendelee kukaa.

Meneja wa mikopo, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alikuja kusimama nyuma ya viti vyetu.

"Kijana wangu, huyo nginx simjui na sitaki kumjua. Niambie wanachama niwaambie nini."

"Waambie wakibonyeza, mama, wasibonyeze tena. Wangoje."

"Hawatasikia."

Na kweli hawakusikia.

Anayengojwa

Kuingia kunaita huduma ya ujumbe mfupi mara moja. Fomu ya mkopo inaita CRB (ofisi inayotunza historia za mikopo za watu) kwanza, kisha ujumbe mfupi. Ukurasa wa salio hauiti mtu wa nje. Tano, kumi, sifuri. Ukiziweka hivyo pembeni ya logi, unajua sekunde tano zinalipwa kila programu inapotoka nje ya mashine, bila kujali inakwenda kwa nani. Watoa huduma wawili tofauti kabisa hawawezi kuchelewa kwa muda uleule. Basi ni kitu wanachoshirikiana: njia ya kutokea, au kutafuta jina, yaani DNS, mfumo unaogeuza jina la seva kuwa anwani ya namba.

"DNS nilishaiangalia, mkubwa," kijana wa programu alisema. "Inajibu mara moja." Akaionyesha: `dig @8.8.8.8` na jina la huduma. Milisekunde chache, kweli. Lakini ile alama ya @ inaiambia dig iulize seva hiyo na si nyingine. Programu haiulizi 8.8.8.8, inauliza iliyoandikwa kwenye `/etc/resolv.conf`, kwa mpangilio ulioandikwa. Kipimo kilichofuata njia ya programu yenyewe kilikuwa `time getent ahosts` na jina lilelile. Sekunde 5.01. `curl` nayo, ikiombwa ichapishe `time_namelookup`, ikasema vivyo hivyo. Na nilipomfuatilia mhudumu mmoja kwa `strace`, zana inayoonyesha kila programu inachoiomba keneli, nilimwona anatuma pakiti mbili kwenye mlango 53, ule wa DNS, anaketi kwenye `poll`, yaani kusubiri jibu, yenye ukomo wa milisekunde 5000, `poll` inarudi na sifuri, kisha anatuma zilezile pakiti kwa anwani nyingine na kujibiwa papo hapo.

Faili lilikuwa na mistari miwili. Seva ya majina ya kwanza ilikuwa ya mtoa huduma wa zamani kule Ulaya, ya pili ya umma. Ilisafiri ndani ya nakala ya diski pamoja na mizigo mingine. Kule Ulaya ilikuwa jirani na ilijibu upesi. Seva za majina za watoa huduma kwa kawaida huhudumia wateja wa ndani ya mtandao wao tu, na hii, ikiulizwa kutoka Nairobi, ilikuwa inayatupa maswali kimyakimya.

Ukimya ndio uliogharimu. Seva ingekataa waziwazi, maktaba ya C ya Linux ingehamia ya pili mara moja na hakuna ambaye angegundua chochote. Isipojibiwa, inangoja sekunde tano kwa desturi yake ndipo inahama. Na haikumbuki: utafutaji unaofuata unaanza tena kwa seva ya kwanza, kwa sababu maktaba hiyo haina kache ya majina, yaani haihifadhi majibu iliyokwisha kupata. Kila mwanachama anayeingia alilipa sekunde zake tano upya.

Nginx yenyewe haikuathirika hata kidogo. Jina lililoandikwa kwenye `proxy_pass`, mstari unaoiambia maombi iyapitishe wapi, hutafutwa mara moja tu wakati wa kuanza, na hapa palikuwa na anwani ya namba, si jina.

Kijana akafungua faili kama root, msimamizi mkuu wa mashine, ili afute mstari wa kwanza. Ikakataa: huna ruhusa. Root kukosa ruhusa ni jambo la kushangaza ukikutana nalo mara ya kwanza. `lsattr` ikaonyesha herufi `i`. Msimamizi wa zamani, miaka kadhaa nyuma, alichoka na faili hilo kuandikwa upya kila mashine ilipowashwa, akalifunga kwa `chattr +i` lisiguswe na yeyote. Kwa wakati wake alikuwa sahihi. Mashine mpya ilipowashwa Nairobi ilijaribu kuandika seva za majina za mtandao wake mpya, ikakuta mlango umekomewa, ikaendelea na shughuli zake bila kelele.

Tukaifungua kwa `chattr -i`, tukarudisha faili mikononi mwa `systemd-resolved`, huduma ya Linux ya kutafuta majina, ambayo pia ina kache, tukawasha Gunicorn upya. Kwa glibc (ile maktaba ya C) 2.26 ya mwaka 2017 na kuendelea si lazima kuwasha upya, faili husomwa tena lenyewe. Lakini foleni ilikuwa imejaa maombi ya watu walioondoka zamani, ilistahili kufagiliwa. Mstari uliofuata wa kuingia ulisoma `jumla=0.231`.

Ule wa pili

Foleni ikaisha. Yalibaki malalamiko ambayo yalikuwa yamefunikwa: taarifa ya akaunti ya PDF inakatika katikati, faili halifunguki, hasa kwa walio nje ya mji. Rudi kwenye mstari wa nne wa logi ya asubuhi. `kichwa` chini ya sekunde moja, `jibu` sekunde 21. Programu ilianza kujibu mapema, ikachukua muda wote kumaliza.

PDF ilikuwa ya megabaiti kumi na kitu. Taarifa ya miamala ya mwaka mmoja! Kila ukurasa ulibeba nembo ya sacco kama picha nzito ya kuchapia mabango. Bafa ikiwa imewashwa, nginx ingeyapokea yote kwa kasi ya ndani ya mashine, ingeweka yanayozidi kwenye faili la muda, ingemwachia mhudumu aende zake, kisha ingemlisha mwenye simu kidogo kidogo. Lile onyo lililomtisha mtu lilikuwa linaeleza kazi hii hasa. Bafa ilipozimwa, nginx ilichukua kutoka nyuma kwa kasi ya simu ya mwanachama, na mhudumu akabaki ameshika chupa mpaka mtoto amalize. Na Gunicorn, kwa desturi yake, humwua mhudumu wa aina hii akikaa sekunde 30 bila kutoa ishara. Kwa mwenye mtandao wa kasi, PDF ilifika. Kwa mwenye mtandao dhaifu, mhudumu aliuawa njiani, na nusu faili ikabaki kwenye simu.

`proxy_buffering` ikarudishwa. Nembo ikapunguzwa, PDF ikashuka chini ya megabaiti moja. Baada ya hapo, kwenye maombi hayo `jibu` ilikuwa fupi na `jumla` pekee ndiyo ilirefuka kwa wenye mtandao mbovu. Hiyo ni sahihi: sekunde hizo ni za mteja, hazimgusi mtu mwingine.

Yaliyobadilishwa, na lililobaki

`proxy_read_timeout` ilirudi 60. Wahudumu walirudi tisa, na sikupata upinzani, kwa sababu ishirini walikuwa wanakula RAM bure. Kutuma ujumbe mfupi kulitolewa ndani ya ombi kukawekwa kwenye foleni ya kazi za nyuma, ili mtoa huduma wa ujumbe akilala asilale na tovuti. Kila mwito wa nje uliwekewa ukomo wa kusubiri. Maktaba ya `requests` ya Python, usipoitajia ukomo, itangoja milele. Nilitaka ukomo wa sekunde tatu, kijana akataka tano. Nikamwomba achague namba yoyote isiyo tano, ili siku nyingine ikionekana kwenye logi tujue ni yetu au ya DNS. Akaweka nne.

Logi ya `muda` ilibaki. Pamoja nayo kiliwekwa kipimo kidogo kinachosoma `Recv-Q` ya mlango 8000 kila dakika na kutuma onyo ikizidi kumi.

Mwisho wa mwezi uliofuata, saa saba mchana, `Recv-Q` ilikuwa sifuri karibu muda wote. Kuingia kulikuwa chini ya nusu sekunde. Fomu ya mkopo bado ilichukua sekunde moja hadi tatu, kwa sababu CRB hujibu inapojibu na mwanachama anangoja mbele ya skrini. Nilipendekeza naye atolewe kwenye ombi: mwanachama aambiwe mara moja fomu imepokelewa, majibu ya CRB yaje baadaye. Kijana akaunga mkono. Meneja wa mikopo akakataa katakata. Kwake, mtu akishaona neno "imepokelewa" huwa ameshaanza kuzitumia hizo pesa kichwani, na akija kukataliwa dakika kumi baadaye ni yeye meneja anayepigiwa simu, si sisi. Sekunde tatu zikabaki.